Fuata Nyuki Upate Bunduki: Nta, Shaba na Kuanguka kwa Bunkeya



Kiswahili kina neno moja lenye sura mbili. Risasi ni ile metali laini ya kijivu, nzito kuliko unavyoitegemea ukiinyanyua. Na risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Huku kwetu Katanga wengi tunasema masasi, lakini maana ni ileile. Ni kama vile lugha ilishaamua mapema kwamba metali hiyo haina kazi nyingine. Ila kuna jambo ambalo neno hili linatuficha: wazee wa nchi ya Lualaba walipiga pia risasi ambazo hazikuwa za risasi. Zilikuwa za mukuba, yaani shaba.

Leo nataka tuanze na swali la fundi, tena dogo kabisa. Mtu anayesubu risasi zake mwenyewe kwa mkono anazipaka nini kabla ya kuzipakia, na kwa nini karibu kila mara jibu linarudi kwenye nta? Mafundi na wawindaji wa Ulaya na Marekani wamebishana juu ya swali hili tangu karne ya 19. Utasema: sasa hiyo inatuhusu nini sisi tuliosoma Kolwezi, Likasi au Lubumbashi? Subiri kidogo. Ukilifuata swali hilo dogo, linakupeleka kwenye mizinga ya nyuki ya Wachokwe, kwenye tanuru za Dikuluwe, Bunkeya mwaka 1891, kiwanja cha mpira cha Elisabethville mwaka 1941, na mwishoni kwenye reli inayopita karibu na nyumba zetu.

KAZI YA NTA NI NINI?

Gobore la zamani, lile la kushindilia kwa mbele, halikuwa na shida kubwa ya mafuta. Mtutu wake ulikuwa laini ndani kama bomba, na risasi ilikuwa ndogo kidogo kuliko tundu. Mpigaji anamimina baruti, anaweka kitambaa au nyuzi za gome, anateremsha risasi, anashindilia kwa mdeki, basi. Risasi inatoka ikigongagonga kuta. Ukipita hatua mia, usitegemee sana kwamba itafika ulikoielekeza.

Mambo yalibadilika katikati ya karne ya 19, pale majeshi ya Ulaya yalipoanza kugawa kwa askari wa kawaida mitutu yenye mifereji ya msokoto ndani. Mifereji hiyo inaizungusha risasi, nayo inakwenda mbali na moja kwa moja. Lakini ili izunguke, lazima ing'ang'anie kuta za mtutu. Hapo udhaifu wa metali yenyewe ukaonekana. Risasi ni laini mno. Inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu za sentigredi, wakati shaba inangoja mpaka nyuzi 1,085. Ikisuguliwa kwa nguvu inaacha ngozi yake ndani ya mtutu, na ile baruti nyeusi ya zamani inaongeza masizi magumu juu yake. Baada ya kupiga mara kadhaa mifereji imeziba, risasi mpya haishuki tena, na askari amebaki na fimbo ya bei ghali.

Njo hapo nta inaingia. Inafanya kazi tatu kwa pamoja: inaweka utelezi kati ya risasi na chuma, inaziba nafasi ili moshi wa baruti usipite pembeni, na inafanya masizi yabaki laini ili yasukumwe nje na risasi inayofuata.

Mafuta ya mnyama peke yake pia yanateleza, tena ni rahisi kuyapata. Lakini yaweke kwenye mfuko wa askari penye jua kali: yanayeyuka, yanaingia kwenye baruti na kuilowesha, halafu yanaoza na kunuka. Nta ya nyuki inavumilia mpaka nyuzi 62 hivi kabla ya kuyeyuka, na haiozi. Ubaya wake ni mmoja, ikiwa peke yake ni ngumu, inakatika na kubanduka. Kwa hiyo mafundi wa zamani waliichanganya na kitu laini: mafuta ya ng'ombe, ya kondoo, au ya mimea. Nta inashika, mafuta yanalainisha. Ugomvi wote wa mafundi ulikuwa juu ya mizani hiyo: kwenye baridi ongeza kilaini, kwenye joto ongeza nta.

SWALI LA MAFUTA LILIPOCHOMA NCHI

Usifikiri ni mambo ya karakana tu. Mwaka 1857 kule India, jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki lilileta bunduki mpya ya Enfield. Baruti na risasi yake vilifungwa pamoja kwenye karatasi iliyopakwa mafuta, na askari alifundishwa kuing'ata ili aifungue. Habari zikaenea kambini kwamba mafuta yale ni ya ng'ombe na nguruwe. Kwa askari Mhindu, ng'ombe. Kwa askari Mwislamu, nguruwe. Yaani kwa mng'ato mmoja unawakosea wote wawili.

Wakubwa waliposhtuka, waliruhusu askari watengeneze mchanganyiko wao wenyewe wa nta na mafuta ya mimea. Walikuwa wamechelewa, maana ruhusa yenyewe ilionekana kama kukiri kosa. Tarehe 10 Mei 1857 askari wa Meerut waliasi, na vita vilivyofuata viliimaliza Kampuni ile. Sababu za uasi zilikuwa nyingi: ardhi, mishahara, dharau. Lakini kilichowasha moto kilikuwa swali letu lilelile: risasi ipakwe nini, na nani amekubali?

Shika hilo neno, nani amekubali. Tutalirudia.

FUATA NYUKI

Sasa turudi nyumbani. Msitu wetu wa miombo, ule unaoanzia uwanda wa juu wa Angola, ukapita Dilolo, Sandoa na Kolwezi mpaka Zambia na Tanzania, ni msitu wa nyuki. Maua yake ni mengi, na magome ya miti yake yanatoa mizinga mizuri. Unaondoa gome la mti zima kama bomba, unaliziba pande mbili, unalipandisha juu ya mti, unasubiri. Wachokwe walikuwa mafundi wakubwa wa kazi hii. Asali ilikuwa chakula na pombe. Nta haikuwa na thamani kubwa mpaka wafanyabiashara walipoanza kuiulizia.

Katika miaka ya 1830 Wareno waliokaa pwani ya Angola walibadilisha kanuni zao. Mwaka 1834 serikali yao iliacha kuhodhi biashara ya pembe za ndovu. Mwaka 1836 ikapiga marufuku, angalau kwenye karatasi, kusafirisha watumwa ng'ambo ya bahari kutoka makoloni yake. Wafanyabiashara wa Luanda na Benguela wakatafuta bidhaa nyingine kwa nguvu zaidi, na nta ikapanda. Ulaya ilihitaji nta kwa mambo mengi, na kubwa lilikuwa mishumaa: makanisa ya Katoliki yalitaka mishumaa ya nta ya nyuki. Sehemu nyingine iliingia kwenye dawa, vyombo vya mbao, ngozi, na ndiyo, kwenye mafuta ya risasi.

Tuna methali inayosema fuata nyuki ule asali. Wachokwe walifuata nyuki wakapata bunduki. Nta na pembe zilishuka kwenda Benguela kwenye vichwa vya wapagazi, mara nyingi katika misafara ya Waovimbundu, na bunduki pamoja na baruti vikapanda. Bunduki iliyopendwa ilikuwa lazarina: ndefu, nyembamba, nyepesi, ya gumegume, yaani inayowashwa kwa jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche. Jina lilitoka kwa fundi wa zamani wa Ureno, Lazarino wa Braga. Lakini bunduki zenyewe nyingi zilikuwa nakala za bei nafuu zilizotengenezwa Liège. Liège iko wapi? Eeh, Ubelgiji. Kabla Mbelgiji mwenyewe hajakanyaga Katanga, bunduki yake ilikuwa imeshafika, imelipiwa kwa nta ya msitu.

Wachokwe walijifunza haraka kuzitengeneza. Kigingi kikivunjika, kitako kikipasuka, fundi wa kijiji anajua la kufanya. Kwa bunduki hizo waliwinda tembo, na tembo walipopungua walisonga mbele kuwatafuta, na waliposonga mbele waliingia kwenye nchi za watu. Katika miaka ya 1880 waliuvamia na kuuteka Musumba, mji mkuu wa Walunda, ambao leo uko ndani ya mkoa wetu wa Lualaba.

Hapa tusijidanganye. Biashara hiyo haikuwa ya nta na pembe peke yake. Marufuku ya Wareno ilihusu bahari, na huku ndani watu waliendelea kukamatwa na kuuzwa. Bunduki nyingine zililipwa kwa nta, nyingine kwa binadamu, mara nyingi kwenye msafara uleule.

WALA SHABA

Upande wa mashariki wa nchi hiyohiyo, utajiri ulikuwa chini ya miguu. Wakati ambapo hakuna hata ramani moja ya Ulaya yenye jina la Kolwezi, watu walikuwa wanachimba malakiti ya kijani Dikuluwe, na vilevile upande wa Likasi. Misalaba ya shaba imekutwa kwenye makaburi ya kale ya bonde la Upemba, ya karne nyingi kabla ya Wazungu. Mwaka 1926 Monsinyori de Hemptinne, mmonaki Mbenedikto aliyekuwa mkuu wa misheni ya Katanga, aliandika makala juu ya kazi hiyo akitegemea mafundi wazee waliokuwa bado wanaikumbuka. Aliwaita wala shaba, maana wenyewe walizungumzia kazi ile kama kwenda kula shaba.

Kazi ilikuwa ya kiangazi, mtama ukishavunwa. Wanaume wanachimba, wanawake na watoto wanaokota na kuosha mawe mtoni. Tanuru zinajengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo ule unavumilia moto. Mivukuto ni ya ngozi ya swala. Makaa yanatoka kwenye miti migumu iliyochaguliwa, maana si kila mti unatoa moto wa kuyeyusha shaba. Kumbuka nyuzi 1,085. Hiyo ni metalujia, wenzangu, iliyofanywa na watu ambao baadaye waliitwa washenzi.

Katika nchi hii akaja Msiri. Alikuwa mwana wa Kalasa, mfanyabiashara wa shaba kutoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Watu wake waliitwa Wayeke. Kati ya miaka ya 1850 na 1880 alijenga ufalme wa Garenganze, na mji wake mkuu Bunkeya ulikuwa katika sehemu ambayo leo ni teritwari ya Lubudi. Barabara mbili zilikutana kwake. Moja ilitoka mashariki, Zanzibar na Bagamoyo kupitia Tabora. Nyingine ilitoka magharibi, Benguela kupitia Bihé. Mmisionari Arnot aliyefika Bunkeya Februari 1886 alikuja kwa hii ya magharibi. Pembe, shaba, chumvi na watumwa vilitoka. Vitambaa, ushanga, bunduki na baruti viliingia.

Wayeke walileta ufundi wa kuvuta shaba kuwa uzi mwembamba wa bangili. Na shaba ileile ilisubiwa kuwa risasi za magobore. Fikiria faida yake. Metali ya risasi ingepaswa kubebwa kutoka pwani kwa miezi. Shaba iko hapa. Ni ngumu zaidi, haiachi ngozi yake kwenye mtutu kwa urahisi, na kwa gobore lenye mtutu laini haihitaji nta wala mafuta ya Enfield: unaizungushia kitambaa, unashindilia. Kwa upande wa risasi, Bunkeya ilijitegemea kabisa.

BARUTI YA NANI?

Sasa angalia hapa. Ili gobore lilie unahitaji vitu vinne: bunduki, risasi, kitu cha kuziba na kulainisha, na baruti. Tuhesabu. Bunduki ilinunuliwa, lakini fundi wa hapa aliweza kuifanya iishi miaka mingi. Risasi ilikuwa ya hapa. Nta, mafuta na nyuzi za gome vilikuwa vya hapa. Baruti haikuwa ya hapa.

Baruti nyeusi ni makaa, salfa na shura. Makaa tulikuwa nayo kupita kiasi. Lakini baruti ya kutegemewa ya Garenganze ilikuwa ile inayobebwa na wapagazi kutoka pwani. Na tofauti na bunduki, ambayo ukiitunza inakaa, baruti inaliwa. Kila mlio mmoja ni kipimo kimoja kimekwisha. Mfalme mwenye bunduki elfu na baruti haba ni mfalme mwenye fimbo elfu.

Wasanga, wenye nchi kabla ya Wayeke, walichoka kutoa kodi na kuona watu wao wanauawa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1880 waliinuka. Hawakuhitaji kuibomoa Bunkeya. Walivuruga barabara, na barabara ndizo zilizobeba baruti. Mwanahistoria Giacomo Macola, aliyeandika kitabu kizima juu ya bunduki katika Afrika ya Kati, anaonyesha jinsi utawala wa Msiri ulivyofungamana na bunduki na baruti za kutoka nje. Chanzo kikitikisika, kila kitu kinatikisika: zawadi kwa wakubwa wa chini yake, uwindaji wa tembo, ulinzi, hofu yenyewe ambayo watu walikuwa nayo kwake.

Mwaka 1891 ulikuwa mwaka wa wageni. Le Marinel alikuja kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold. Akaja Delcommune. Wote walitaka Msiri apokee bendera, naye akakataa. Mwezi Desemba akafika Kapteni Stairs, akitumwa na Kampuni ya Katanga, na mamia ya askari na wapagazi waliokusanywa wengi wao Zanzibar, watu waliosema Kiswahili kama sisi. Walikuta njaa Bunkeya. Bunduki zao zilikuwa za kupakia kwa nyuma, zenye risasi za kiwandani.

Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Bodson alimpiga Msiri risasi akamuua, naye Bodson akapigwa hapohapo, akafa. Bendera ikapandishwa. Utawala wa miaka zaidi ya 30 ulikuwa umekwisha ndani ya siku moja.

Sitaki kusema kwamba ni baruti tu iliyomwangusha. Msiri alikuwa mkali kwa watu wake, njaa ilikuwepo, Waingereza na Wabelgiji walikuwa wanakimbizana. Na Wasanga walikuwa na haki ya kuinuka, maana kwao Bunkeya haikuwa uhuru. Lakini kati ya vitu vyote vilivyokosekana siku ile, baruti ndiyo iliyokosekana kwanza. Methali inasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Msiri hakuwa maskini hata kidogo. Alikuwa na shaba, alikuwa na pembe. Kilichomkosekana ni kile kimoja ambacho mwingine alishika ufunguo wake.

UFUNGUO UNAFUNGWA

Mwaka uliotangulia, 1890, mataifa yalikutana Brussels yakatia saini mkataba juu ya utumwa. Ndani yake kulikuwa na masharti juu ya silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za kisasa zenye mifereji zilifungiwa, isipokuwa kwa serikali na wachache wenye kibali. Magobore ya gumegume na baruti ya kawaida yangeweza kuendelea kuuzwa chini ya usimamizi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia biashara ya watumwa, na biashara ile kweli ilistahili kuzuiwa. Lakini soma matokeo: Mwafrika abaki na gobore, dola la kikoloni libaki na bunduki ya kisasa. Nani aliulizwa? Nani alikubali? Huko vijijini mpaka leo kuna wawindaji wenye bunduki za kutengeneza kwa mkono, zile ambazo watu Kongo wanaziita pupu. Watu wanacheka wakiziona. Mimi naona ndani yake alama ya mkataba ule.

Wakati huohuo kule Ulaya swali letu la nta lilikuwa linapata jibu jipya. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyo na moshi, yenye nguvu kuliko ile nyeusi. Risasi ikawa inakwenda kasi kiasi kwamba nta haikutosha tena: joto na msuguano viliichuna metali laini ndani ya mtutu hata ikiwa imepakwa vizuri. Ufumbuzi ulikuwa tayari umeonyeshwa na afisa wa Uswisi, Eduard Rubin, mwaka 1882. Alichofanya ni kuivisha risasi koti la shaba.

Soma tena hiyo sentensi. Kazi ambayo nta ilikuwa inaifanya, kulinda risasi isiache ngozi yake kwenye chuma, ikapewa shaba. Ganda lake nalo ni shaba iliyochanganywa na zinki, na karibu sehemu saba kati ya kumi ni shaba. Tangu hapo, kila vita kubwa imekula shaba kwa tani. Kumbe mzee wa Garenganze aliyesubu risasi ya shaba kwa sababu hakuwa na metali nyingine alikuwa ameshika metali ambayo majeshi ya dunia yalikuwa karibu kuikimbilia.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1911 ikatoa shaba yake ya kwanza Lubumbashi. Vita ya Pili ilipokuja, shaba ya Katanga ilienda kwa Uingereza na wenzake. Wafanyakazi waliongezewa kazi, bei za vitu zikapanda, mishahara haikufuata. Desemba 1941 waligoma. Tarehe 9 walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira cha Elisabethville, wakiongozwa na Léonard Mpoyi. Askari walifyatua. Mpoyi alikufa pale pamoja na makumi ya wenzake.

Watu waliochimba shaba ya kuvisha risasi walipigwa risasi kwa kuomba mshahara. Karibu miaka 50 kamili tangu Bunkeya, na bado waliotoa metali hawakuwa wao walioshika ufunguo.

RELI INAYOPITA NYUMBANI

Mwaka 1931 reli kutoka Lobito, bandari jirani na Benguela, iliunganishwa na reli ya Katanga. Ilipita karibu na njia ambayo wapagazi wa nta walikuwa wanaikanyaga kwa miguu: Bihé, mpaka, Dilolo, mpaka huku kwetu. Vita vya Angola viliinyamazisha kwa miaka mingi. Leo imerudi kwenye magazeti kwa jina la Ushoroba wa Lobito, na mataifa makubwa yanaigombania tena. Zamani nta na pembe zilishuka, bunduki na baruti zikapanda. Leo shaba na kobalti zinashuka. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka nchi yetu, sehemu kubwa kuzunguka Kolwezi. Inaondoka kama haidroksidi, inasafishwa hasa China, inarudi kwetu ndani ya simu unayoisomea maneno haya.

Sisemi historia inajirudia. Msiri si sisi, na betri si gobore. Ninachosema ni kwamba ukitaka kujua nani ana nguvu kwenye mnyororo wowote wa kazi, usiulize nani ana kitu kingi zaidi. Vunja mnyororo vipandevipande, kama tulivyofanya na bunduki ya Bunkeya: hiki ni cha hapa, hiki ni cha hapa, hiki tunaweza kukitengeneza, na hiki hapa hatuna. Halafu uliza nani ameshika kile kimoja kinacholiwa kila siku na ambacho hatuna.

Kuna wenzetu humu waliosoma metalujia, wengine kemia, wengine sheria ya madini, wengine wako migodini tayari wakivaa kofia za kampuni za watu. Wala shaba wa Dikuluwe walijua tanuru lao mpaka udongo wa kichuguu na aina ya mti. Wachokwe walijua mzinga wao. Kilichobaki bila jibu ni kile kitu cha nne.

Basi naliacha kwenu. Katika kazi yako wewe, pale unapofanya au unapotaka kufanya, baruti ni nini, na ufunguo wake uko kwa nani?